Bei ya Tangazo na Makato ya Tiketi

Ndugu zangu wa Mbekenyera, wa Ruangwa mjini, wa Nachingwea na popote mnaponisikia jioni hii, mazungumzo yetu leo ni juu ya ndege za bei nafuu, na hasa zile ada zinazopanda juu ya nauli wakati wa kukata tiketi. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya watu wa Dar es Salaam, sisi huku tuna basi letu la alfajiri. Lakini tazameni wenyewe. Mgonjwa ana rufaa ya hospitali ya Muhimbili na mgongo wake hauwezi kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kijana ameitwa kwenye usaili Mwanza na barua imemfikia zikiwa zimebaki siku mbili. Binti amepata mkataba wa kazi Muscat. Na Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga, mwenye safari ya lazima alianza kuulizia ndege ya Mtwara hata kama tangu azaliwe hajawahi kuipanda.

Huyo ndiye ninayemfikiria: anayekata tiketi kwa haraka, kwa mara ya kwanza, mbali na ofisi ya shirika la ndege, kwa pesa iliyochangwa na ukoo. Ada za ziada humpata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sisi tunalima korosho na ufuta, na kuna jambo tunalijua kuliko watu wengi wa mjini. Bei ikitangazwa mnadani, hakuna mkulima anayeizidisha kwa kilo zake kisha akaenda kukopa bati dukani. Anauliza kwanza makato: ya chama cha msingi ni kiasi gani, ya chama kikuu, RUNALI, ni kiasi gani, ya ghala je, ya usafirishaji je. Anachohesabu ni kile kitakachoingia kwenye akaunti yake. Tiketi ya ndege ya bei nafuu isomwe hivyohivyo, ila huku makato yanaongezwa juu. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo ni bei ya mnada tu. Bei yako ni ile itakayotoka kwenye simu yako mpaka umekaa kwenye kiti na mzigo wako umo ndani ya ndege.

Shirika lililotuonyesha mtindo huu hapa Tanzania ni Fastjet. Lilianza kuruka tarehe 29 Novemba 2012 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege aina ya Airbus A319. Nyuma yake alikuwapo Stelios Haji-Ioannou, yule aliyeanzisha easyJet huko Uingereza mwaka 1995. Tangazo lilisema nauli zinaanzia shilingi 32,000. Watu waliozoea kulala njiani kwenda Kanda ya Ziwa walipanda ndege kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa jambo jema, sitalipunguza. Kampuni ilikubali malipo ya simu, kwa hiyo hata asiye na kadi ya benki aliweza kukata tiketi. Mwishoni mwa 2018 ndege zake ziliacha kuruka nchini, lakini namna ile ya kuuza tiketi imebaki.

Sasa ile 32,000 ilikuwa na nini ndani? Ilikuwa nauli tupu, kabla ya kodi na tozo za serikali. Ilikuwa bei ya viti vichache vya kwanza. Vikishaisha hivyo, kiti cha jirani kwenye ndege ileile kinauzwa kwa bei ya juu zaidi, na kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo inavyozidi kupanda. Mzigo wa kuweka chini ulikuwa na bei yake. Kubadili tarehe kulikuwa na bei yake. Mtu akifika mwisho wa kukata tiketi anakuta jumla haifanani kabisa na namba iliyomleta.

Si Fastjet peke yake. Jambojet ya Kenya, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka mwaka 2014, inauza hivyo, na flydubai inayokuja Dar es Salaam na Zanzibar ina nauli ya chini kabisa isiyo na mzigo wa chini. Huko Ulaya ndiko mtindo ulikokomaa. Ryanair ilianza kutoza mizigo ya chini mwaka 2006, na miaka miwili baadaye American Airlines ya Marekani ikawatoza abiria wake dola 15 kwa begi la kwanza, wengine wakafuata. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, Ryanair ilipata kiasi cha euro bilioni 4.3 kutokana na mambo yaliyo nje ya nauli: mizigo, kuchagua kiti, kutangulia kupanda, chakula. Mapato yake yote yalikuwa kama bilioni 13.4. Fanyeni hesabu, ni karibu theluthi moja. Basi tusidhani ada hizi ni vijipesa vya pembeni. Ndizo zinazoiwezesha kampuni kuandika nauli ndogo kwenye tangazo.

Na mimi siziiti wizi. Anayekwenda Dar es Salaam na begi moja la mgongoni, akarudi kesho yake, hana sababu ya kumlipia mwenzake aliyebeba masanduku mawili. Kulipa unachotumia ni haki. Ubaya unaanza pale ada inapofichwa mpaka mtu ameshajaza majina, ameshahesabu siku, moyo umeshasafiri, ndipo anaambiwa bado hiki na kile. Wakati huo hakuna anayerudi nyuma.

Tuipitie njia ya kukata tiketi hatua kwa hatua, kwenye simu, kana kwamba umekaa kibarazani sasa hivi.

Umeingia kwenye tovuti ya shirika, umeandika unakotoka na unakokwenda, umechagua tarehe. Inakuja orodha ya nauli, na kwa safari hiyohiyo ziko mbili au tatu zenye majina tofauti. Ya chini kabisa ndiyo inayovutia jicho. Gusa jina lake usome kilichomo: kilo ngapi za mkononi, kilo ngapi za chini, ukibadili tarehe unalipa nini, ukighairi unarudishiwa nini. Mara nyingi nauli ya pili, iliyo juu kidogo, ina mzigo ndani yake, na ukiijumlisha ile ya kwanza na mzigo wake unakuta ya pili ndiyo nafuu. Kisha unaletewa ramani ya viti. Hapa wengi hudhani lazima wachague, wanagusa kiti cha dirishani, na bei imeshaongezeka. Tafuta palipoandikwa kuruka au kuendelea bila kuchagua. Utapewa kiti bure siku ya safari, maana hakuna abiria anayesafirishwa amesimama. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa wa kuangaliwa, hapo ni sawa kulipa ili mkae pamoja. Halafu inakuja bima, gari la kukupokea, ujumbe wa simu wa kukukumbusha safari. Angalia visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama ya vema bila wewe kugusa. Ondoa usichokitaka, kisha tazama jumla chini ya ukurasa kama imeshuka.

Kuna ada nyingine inamngoja mtu uwanjani. Baadhi ya mashirika yanataka abiria achekini mwenyewe, yaani athibitishe safari yake, kwa simu kabla ya kutoka nyumbani na awe na bodingi pasi yake, ile pasi ya kupandia ndege, na asiyefanya hivyo analipa akifika. Mwaka 2023 wazee wawili, mke na mume wa Uingereza, walitozwa na Ryanair pauni 110 kwa sababu ya kuchapishiwa pasi uwanjani, baada ya kuchapisha nyumbani zile za kurudi badala ya za kwenda. Habari ile ilizunguka dunia. Kwa watoto wetu wanaosoma au kufanya kazi huko, na wanaowakatia wazazi tiketi za kwenda kuwatembelea, hilo ni la kuangalia mapema: tiketi ikishakatwa, fungueni barua pepe ya shirika msome siku na saa ya kuchekini.

Nije kwenye majina, maana hapa kwetu ndipo penye tatizo hasa. Mtu anaitwa Hamisi, kitambulisho cha NIDA kimeandika Khamis, cheti cha shule kina Hamis, na aliyekata tiketi ameandika lile analomwitia kijiweni. Kwenye basi halina neno. Kwenye ndege jina la tiketi linatakiwa lilingane na la kitambulisho, na kusahihisha jina kwa mashirika ya bei nafuu kunaweza kutozwa pesa ya kukaribia nauli nzima. Kwa hiyo usimtajie mtu jina kwa mdomo kwenye simu. Piga picha kitambulisho, kwa safari ya nje piga picha pasipoti, umtumie, na kabla hajalipa akusomee herufi moja moja. Na wewe mkata tiketi, andika kilichoandikwa kwenye kitambulisho hata kama unaona kimekosewa. Uwanjani wanaamini kitambulisho.

Halafu mzigo. Hatusafiri mikono mitupu. Mtu akitoka Mbekenyera kwenda kwa ndugu atabeba korosho zilizobanguliwa, ufuta, mbaazi, unga wa muhogo, na mama atatia kifurushi cha mwisho wakati gari linaondoka. Begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kilo saba. Ndege zinazotua Mtwara, za Air Tanzania na Precision Air, kwa mazoea nauli yake huja na mzigo wa chini, lakini soma tiketi yako, usitegemee ya mwaka jana wala ya jirani. Na ukiunganisha, umetoka Mtwara na shirika moja kisha Dar es Salaam unapanda la bei nafuu kwenda nje, kilo zinazokubalika ni za yule mwenye kilo chache. Mzigo uliolipiwa nyumbani kwa simu karibu kila mara ni nafuu kuliko uliolipiwa kaunta, na kaunta wanahesabu kilo kwa kilo.

Mizani tunayo. Kila mwenye duka la nafaka anayo. Peleka begi likapimwe siku moja kabla, likiwa limeshafungwa na vile vifurushi vya mwisho vimo ndani. Ukiona limefika kilo ishirini na sita na tiketi inasema ishirini na tatu, utaamua ukiwa umetulia kipi kipande basi kwa jamaa wa Mbagala. Ukigundua Mtwara kwenye foleni, utaamua ukiwa umechuchumaa sakafuni, begi wazi, nguo za ndani nje, watu nyuma yako wanaguna. Nimemwona mama wa makamo akiacha mfuko mzima wa korosho kwa mlinzi wa uwanja kwa sababu pesa ya kilo za ziada ilikuwa inazidi thamani ya korosho zenyewe. Alizibangua mwenyewe, moja moja, kwa ajili ya wajukuu. Jambo lile liliniuma, na ni moja ya sababu za mazungumzo haya.

Sasa wakala. Wengi wetu hatukati tiketi wenyewe, tunakwenda kwa kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha mjini Ruangwa au Nachingwea. Anafanya kazi halali na anastahili ujira wake. Ninachoomba ni ujira huo ujulikane. Muulize maswali mawili tofauti: shirika linataka kiasi gani, na wewe unataka kiasi gani. Akikupa jumla moja tu, omba akuonyeshe kioo cha kompyuta. Ukishalipa, dai namba ya bukingi, ile ya herufi na tarakimu sita. Kwa namba hiyo na jina lako la ukoo unaweza kuingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, au kumwomba mtoto wa shule akuingizie, ukaona tiketi ipo, jina limekaa sawa na mzigo wako umeandikwa. Muulize hilo kabla ya kulipa; anayesema hatakupa namba hiyo, usimpe pesa. Na kwa safari ya ndani ya nchi usikubali kutajiwa bei ya dola. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bei iwe ya shilingi.

Kwenye kulipa kuna mawili. La kwanza, ukilipa kwa simu, kabla ya kuingiza namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Soma. Liwe jina la shirika au la kampuni ya wakala, lisiwe jina la mtu binafsi usiyemjua kutoka ukurasa wa Facebook unaotangaza ofa ya leo tu. Uliza pia makato ya muamala wenyewe. Kulipa kwa namba ya biashara na kumtumia mtu pesa ili yeye alipe si gharama moja, na yule wa pili akitoza ya kutolea unamlipia pia. La pili, kwa wanaolipa kwa kadi mashirika ya nje: ukurasa wa malipo ukikupa nafasi ya kuchagua fedha, kulipa kwa dola au kwa shilingi waliyokwisha kuibadilisha wao, uliza benki yako kiwango chao cha siku hiyo kwanza, maana kiwango cha ukurasani mara nyingi ni kibaya.

Ada ya kulipa ina historia yake, na inafundisha. Karibu na mwaka 2010 baadhi ya mashirika ya Ulaya yalikuwa yakitoza ada ya kadi kwa kila abiria na kwa kila safari, ya kwenda na ya kurudi, wakati malipo yamefanyika mara moja tu. Familia ya watu wanne ilihesabiwa ada mara nane. Wajanja waligundua kuwa Ryanair ilisamehe kadi moja, Visa Electron, basi watu wakafungua akaunti benki kwa ajili ya kadi hiyo tu. Kampuni ikaona, ikahamisha msamaha kwenye Mastercard ya kulipia kabla, watu wakaanza upya. Mbio zile hazikumalizwa na ujanja wa abiria. Zilimalizwa na sheria: kuanzia Januari 2018 Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kumtoza mteja ziada kwa kutumia kadi yake ya kawaida. Kabla ya hapo, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 ilishataka bei inayotangazwa iwe na kodi na tozo zote za lazima ndani yake, na ya hiari mtu aichague mwenyewe, asikute imeshachaguliwa. Marekani iliyalazimisha mashirika kutangaza nauli pamoja na kodi zake mwaka 2012.

Hayo yanawezekana hapa pia. Tunayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na lipo baraza la kuwasemea abiria, TCAA CCC. Ukitozwa kitu ambacho hukuambiwa wakati wa kukata tiketi, tunza risiti, piga picha kioo cha simu kwenye kila hatua, andika malalamiko kwa shirika kwanza, yakipuuzwa yapeleke huko. Barua ya mtu wa Mbekenyera ina uzito uleule wa barua ya mtu wa Masaki. Lakini barua lazima iandikwe. Mambo mengi mabaya yanaendelea kwa sababu aliyeumia aliona aibu kusema.

Kuna jambo moja nataka nilisisitize kabla ya kuaga, nalo linakwenda kinyume kidogo na yote niliyosema. Nauli ya chini kabisa haimfai kila mtu. Mgonjwa mwenye miadi Muhimbili, miadi ambayo daktari anaweza kuisogeza wiki nzima, asikatiwe tiketi isiyobadilika. Ikisogezwa, ile nauli nafuu imekufa na mnakata nyingine kwa bei ya siku za mwisho, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mkatieni nauli inayoruhusu kubadili tarehe, hata kama inauma mwanzoni. Kadhalika hesabuni njia: kutoka Mbekenyera mpaka Ruangwa, Nanganga, Mnazi Mmoja hadi Mtwara, pengine na kulala usiku mmoja kwa sababu ndege ni ya asubuhi. Gari na chumba navyo ni bei ya safari. Ipo safari ambayo ukijumlisha yote, basi la moja kwa moja kwenda Dar es Salaam ndilo la haki, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kwa mawakala wa tiketi wa Ruangwa na Nachingwea, mnaonisikia na mnaonijua, nina ombi. Chukueni karatasi, andikeni kwa kalamu nene ada yenu ya kukata tiketi ya ndani, ya kukata tiketi ya nje, na ya kubadili tarehe, mbandike ukutani pale mteja anapokaa, kwa Kiswahili na kwa shilingi. Mkifanya hivyo wiki hii, nitawataja hapa redioni, duka kwa duka, ili wananchi wajue pa kwenda.